Mwaka Tuliokula Gizani

Nimeishi na moyo wa mume wangu chini ya paa moja kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeusikia ukienda taratibu na ukienda mbio, nimeupikia, nimeuombea dua. Lakini mtu wa kwanza kuuona kwa macho hakuwa mimi. Alikuwa Feza. Na kwa kuwa nimeamua kuandika mambo kama yalivyokuwa, niseme mapema: niliposikia kwamba ni yeye atakayeutazama, kitu kilipanda kifuani mwangu ambacho hakikuwa hofu wala shukrani. Kilikuwa wivu, ule ule wa zamani, nao ulikuwa na afya njema kuliko mgonjwa wetu.

Tulikuwa Dar es Salaam, katika hospitali moja kubwa, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki vilivyoungwa pamoja kwa chuma. Amisi, mume wangu, alikuwa hawezi tena kupanda kutoka ukingo wa mto hadi nyumbani kwetu Kindu, huko Kongo, bila kusimama na kujifanya anatazama mitumbwi. Kifua kilimbana, pumzi ikamkatika, halafu akanilaumu mimi kwamba natembea haraka. Daktari wa kwetu alisema ni moyo na akatuelekeza mbali. Huko Dar walimpitishia mrija mwembamba kutoka mkononi hadi kwenye moyo, wakamwaga dawa ya rangi na kupiga sinema yake. Ikaonekana kwamba mmoja kati ya mishipa mikubwa inayoulisha moyo wenyewe umeziba kabisa, na haukuziba jana. Ile dawa ilifika mahali fulani ikasimama, kama mgeni aliyekuta mlango umepigiliwa misumari. Mbele ya pale sinema haikuonyesha kitu. Daktari wa moyo, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alisema hawezi kujaribu kupitisha waya mahali asipojua njia inaanzia wapi na inapinda wapi. Alitaka kwanza picha ya skana. Na picha za moyo, akasema, anazisoma daktari anayemwamini kuliko wote, tena kwa bahati ni mtu wa kwenu. Mlango ukafunguka, akatoka mwanamke mwenye koti jeupe na ushungi wa rangi ya majani ya muhogo. Akasimama. Akatutazama mmoja baada ya mwingine.

“Zaina,” akasema. “Na Amisi wa mazutu.”

Amisi akanyanyuka kitini haraka kuliko nilivyomwona akinyanyuka mwaka ule mzima.

Ili mnielewe, lazima niwarudishe Kindu, mwaka ule wa vita ambao treni haikuja. Barabara zote zilikuwa za watu wenye bunduki. Wakazi wa mitaa ya Kasuku na Mikelenge hawakuweza kufika mashambani mwao, na kutoka Alunguli, ng’ambo ya mto, tulisikia milio ambayo tulijifunza kuitofautisha ya mbali na ya karibu, jinsi watu wa kwingine wanavyoijua mvua. Mchele, ambao sisi wa Maniema tuliuona kama haki yetu, ukawa chakula cha sikukuu. Tulikula sombe, kisamvu chetu, bila chumvi, na bukari, ugali wa muhogo uliong’olewa kabla ya kukomaa, mchungu kidogo, unaonata kwenye meno. Mimi na Feza tulikuwa wanafunzi katika chumba cha radio, ndivyo Kindu tunavyoita mahali pa kupiga picha za ndani ya mwili. Tulikuwa wasichana wawili wa rika moja, tuliopewa koti moja jeupe tulivae kwa zamu, na mwalimu wetu alikuwa Papa Sumaili, mzee mrefu mwenye kofia ya kufuma, aliyeifanya kazi ile tangu enzi ambazo hakupenda kuzizungumzia.

Filamu zilikuwa zimekwisha. Kilichobaki kilikuwa kioo, na hapa naomba mnivumilie nieleze, maana vijana wa siku hizi hawajakiona. Mgonjwa alisimama kifua wazi kati ya mashine na bamba lililopakwa dawa inayong’aa inapoguswa na mionzi. Sisi tulisimama upande wa pili na aproni nzito za madini ya risasi, tukitazama mwili wake moja kwa moja: mapafu meupe kidogo, mbavu nyeusi kidogo, na katikati kivuli cha moyo kikipiga. Lakini mwanga wa kioo kile ulikuwa hafifu kama wa kimulimuli aliyechoka. Aliyetoka juani hakuona lolote. Jicho linahitaji kukaa gizani muda wa kutosha ndipo lianze kuokota vitu vidogo. Mafundi wa zamani walivaa miwani myekundu kabla ya kazi, kwa sababu rangi ile huliacha jicho lijizoeshe giza huku mtu akiendelea na shughuli zake. Miwani ile tulikuwa nayo moja tu, na ilikuwa ya Papa Sumaili. Sisi wawili tulifungiwa mchana kweupe katika chumba kidogo kilichokuwa cha kusafishia filamu, kisicho na dirisha, kinachonuka siki, tukangoja macho yetu yaive.

Na hatukuweza kuchelewa. Jenereta iliwashwa kwa muda mfupi, kwa sababu mazutu, mafuta ya dizeli, yalikuja kwa ndege kama chumvi. Wagonjwa walipangwa kwenye foleni, sisi tukapangwa gizani, ndipo mashine ikaunguruma. Feza alipolalamika kwamba tunawekwa kama uyoga, Papa Sumaili alimjibu kupitia mlangoni: “Mazutu haingojee macho, mutoto yangu. Macho njo inangojea mazutu.” “Njo” ya kwetu ni “ndiyo” yenu.

Mtu wa jenereta alikuwa Amisi. Alikuwa na mikono myeusi kwa mafuta, na sauti iliyofika mahali kabla yake. Shangazi yake alikuwa na jamaa wavuvi waliothubutu kwenda mtoni hata siku za milio, kwa hiyo mara nyingine alituletea chakula. Mara ya kwanza alifungua mlango wa chumba chetu na tochi mkononi, akiwa na furaha ya mtu anayeleta samaki. Mwanga ukatupiga usoni, na kazi yote ya kungoja ikapotea. Wagonjwa walirudishwa nyumbani siku ile, na Papa Sumaili alimsema Amisi mbele ya foleni nzima hadi akina mama wakamwonea huruma. Tangu hapo chakula kiliingia bila taa. Amisi aligonga, akajipenyeza, akaufunga mlango nyuma yake, akaketi sakafuni, na sisi watatu tukala kwenye sinia moja bila kuonana.

Sijui kama desturi hii iko kwenu. Kwetu, anayekupenda hasemi neno kwenye sinia. Anakusogezea kitoweo upande wako, na wewe unakila kana kwamba kilikuwa pale tangu mwanzo, na wote wanaona na hakuna anayetaja. Mke humfanyia mume, bibi humfanyia mjukuu, na mabinti wengi wa kwetu walijua wamechumbiwa kabla ya washenga kufika. Sasa fikirieni sinia la gizani. Niliingiza mkono upande wangu nikipapasa kama kipofu mpya. Siku moja nilipata mnofu wa samaki, siku nyingine mwiba mtupu. Kila mwiba niliupa maana. Nilimsikia Feza akitafuna, nikajaribu kujua kwa sauti kama ni samaki au ni bukari. Alikuwa na tabia ya kucheka kupitia puani, pumzi fupi isiyo na sauti, na sikujua anacheka nini. Lililonila zaidi ni kwamba yeye alikuwa anaona. Macho yake yaliiva upesi kuliko ya mtu yeyote niliyemjua. Mimi nikiwa bado ndani ya wino, yeye alikuwa ameshaanza kunitajia vitu: ndoo iko hapa, kandambili yako imegeuka, kuna mjusi. Siku moja nilinyoosha mkono nikitafuta chakula.

“Zaina,” akasema polepole, “ile iko goti ya muntu. Sahani iko huku.”

Amisi alicheka mpaka Papa Sumaili akapiga mlango. Nami nilibaki na joto usoni ambalo nilishukuru hakuna anayeliona, kisha nikakumbuka kwamba yuko anayeliona.

Katika foleni walimjua. Nilikuwa nikipita na ndoo ya maji nikawasikia akina mama wawili wakishauriana. Mmoja alisema afadhali kungojea zamu ya yule mweusi mwembamba, kwa kuwa iko na macho ya paka. Mwenzake akauliza: na ule mwingine? Ule mwingine, akajibiwa, iko anakusimamisha muzuri. Ilikuwa kweli. Nilijua kumsimamisha mgonjwa: bega mbele, kidevu juu, mkono kiunoni, pumzi ndani. Mtu mwenye jeraha nilimgeuza asipige kelele. Ni kazi, na nimewafundisha wengi kuifanya, nawaambia kila mara kwamba picha mbaya huanzia kwenye mkao mbaya. Lakini nilikuwa msichana. Sikutaka kusifiwa mikono wakati mwenzangu anasifiwa macho.

Kisha akaja mzee mmoja mfanyabiashara wa mawese, mnene, aliyesema kifua kinambana kila anapopanda kutoka mtoni na kinaachia akikaa. Nilimsimamisha. Mashine ikaunguruma. Papa Sumaili alitazama mapafu, akasema hakuna kitu, akamwachia Feza kioo. Feza akakitazama kutoka juu hadi chini, kisha juu tena. Halafu akasema kuna uzi. Papa Sumaili akauliza uzi gani. Feza akasema uzi mweusi, mfupi, juu ya moyo, unacheza na moyo, moyo ukiruka nao unaruka. Nilisogea nikatazama. Niliona kivuli, na kivuli, na kivuli. Papa Sumaili akarudi, akavua miwani yake ya kawaida, akakaribia mpaka pua ikagusa kioo.

“Iko,” akasema mwishowe. Sauti yake ilibadilika. “Njo yenyewe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeipita.”

Baadaye alitueleza, na maelezo yale ndiyo ninayoyatoa mimi hadi leo. Moyo unapiga damu ya mwili mzima, lakini wenyewe haunywi damu inayopita ndani yake. Unalishwa kwa mishipa yake midogo inayoukumbatia kwa nje, kama vidole vinavyoshika embe. Mishipa ile ikizeeka vibaya, mafuta hujibandika ukutani, na baada ya miaka chokaa huingia kwenye mafuta. Chokaa huzuia mionzi kama mfupa, ndiyo maana kwenye kioo ilionekana kama uzi mweusi. Mzee alivaa shati lake akauliza kama tunaweza kuuondoa. Papa Sumaili akamwambia kwamba pale Kindu, mwaka ule, tulichoweza ni kuona tu. Mzee akashukuru kwa adabu, akaenda. Nilimhurumia, lakini si kwa moyo wote. Sehemu kubwa ya moyo wangu ilikuwa bado mbele ya kioo, ikiutafuta uzi.

Mwisho wa mwaka ule wageni wa misaada waliokuwa wanaruka na ndege zao walikubali kumchukua mwanafunzi mmoja kwenda kusoma nje. Ofisi ya daktari na chumba chetu cha giza vilitenganishwa na ubao mwembamba. Nilikuwa ndani, nangoja macho, Feza akiwa amekwenda kuchota maji. Daktari wa hospitali yetu alimuuliza Papa Sumaili aende nani. Papa Sumaili alinyamaza, na katika ule ukimya nilijipa matumaini yote ambayo msichana anaweza kujipa. Halafu akasema kwa upole, jinsi mtu anavyowazungumzia watoto wake wote wawili: “Zaina iko na mikono. Feza iko na macho. Mikono inaweza kubaki.”

Basi nilibaki. Amisi alimpeleka Feza uwanja wa ndege kwa baiskeli, mfuko wake ukiwa umefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Alirudi jioni, akaegesha baiskeli, akakataa kula. Mwaka uliofuata alileta washenga kwetu, na nimekuwa mke wake tangu hapo, mke mwema na mume mwema, watoto wanne. Lakini mwanamke aliyeolewa baada ya ndege kuondoka huwa anaisikia ile ndege. Kila alipotaja jina la Feza nilimwangalia mdomo. Kila ulipopita mwaka bila yeye kulitaja, niliuangalia zaidi.

Ndiyo maana, kwenye ule ukumbi wa Dar, niliwaza kwa dhati kumwomba daktari wa moyo atafute msomaji mwingine. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Kisha Amisi akakohoa, akashika kifua, akajaribu kuificha ile ishara kwa kujifanya anatafuta kitu mfukoni, nami nikayameza. Nilitaka apande tena kutoka mtoni. Nilitaka anilaumu tena juu ya jambo lingine.

Skana ya moyo ni ngumu kuliko ya kiungo kingine, na sababu ni nyepesi: moyo hautulii. Ukimpiga picha mtoto anayerukaruka utapata ukungu. Kwa hiyo mgonjwa hupewa vidonge vya kupunguza mapigo, kisha kidonge cha kuweka chini ya ulimi ili mishipa ijitanue, halafu dawa ya rangi mkononi inayopasha mwili joto. Analala, kitanda kinaingia kwenye pete kubwa, anaambiwa ashike pumzi, na pete inazunguka ikimkata vipande vyembamba kwa mwanga, bila kisu. Amisi alipewa vidonge vyake. Tukangoja. Nilikaa nje ya pazia, nikamsikia Feza akimfundisha kushika pumzi. Nikamsikia Amisi akisema kwamba yeye kushika pumzi anajua, aliishi na moshi wa jenereta. Nikasikia ile pumzi fupi ya puani, isiyo na sauti. Miaka yote ile, haikuzeeka. Muuguzi akatoka akasema mapigo yamegoma kushuka, yako juu, labda baba anaogopa. Wakamwongezea dawa. Hayakushuka.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu kuhusu mapigo yale, lakini hakuna aliyeniuliza.

Hatimaye Feza alifunua pazia akaniita niingie nikae naye kidogo. Niliingia, nikakaa, nikamshika mkono. Sikusema la maana. Nilimuuliza kama mto uko sawa, na kama amekunywa maji. Kwenye kile kioo kidogo cha mapigo namba ikaanza kuteremka, ikateremka, mpaka ikatulia pale walipoitaka. Feza akafurahi akaita watu wake upesi. Mimi nilitoka bila kujua kama nifurahi. Moyo wa mwanamume unakimbia mbele ya mwanamke mmoja na kusinzia mbele ya mwingine: ni sifa gani hiyo? Nimeifikiria mara nyingi. Siku nyingine naona ni sifa kubwa kuliko zote. Siku nyingine naona ni kama kuambiwa ninamsimamisha mtu vizuri.

Kesho yake tulikaa sote wanne katika ofisi ya Feza: daktari wa moyo, Feza mwenyewe, Amisi, mimi. Ofisi ilikuwa na jua tele. Skrini za leo hazihitaji jicho lililoiva. Mtu yeyote anaweza kuziona, na nilimwonea Feza wivu hata kwa hilo, kwamba giza limeondolewa na yeye bado yuko mbele. Alianza kumweleza Amisi. Nikamkatiza. Nikamwambia nataka kuonyeshwa mimi, polepole, kama Papa Sumaili alivyokuwa akituonyesha. Hakushangaa. Alisogeza kiti chake, nikasogeza changu, mabega yetu yakagusana.

Kwanza alinionyesha ile sinema ya mrija. Mshipa wa kulia unashuka, kisha pale kinapochipuka kitawi kidogo, unakatika butu kama kijiti kilichokatwa kwa panga. Waya ukifika butu kama hilo haujui pa kuingilia, na ukilazimishwa unaweza kutoboa ukuta. Kisha akafungua picha ya skana. Sinema, alinieleza, inaonyesha damu tu. Pasipo na damu, ni giza. Skana inaonyesha na ukuta wa mshipa wenyewe, hata pale ambapo damu haijapita kwa miaka. Kwa hiyo njia iliyokufa bado inaonekana ilikopita. Akaigeuza picha kidogo kidogo, moyo wa mume wangu ukazunguka mbele yangu kama tunda kwenye kiganja.

“Unaona nini?” akauliza.

Nikamwambia naona kivuli. Akasema nisiwe na haraka, niangalie nyuma ya kile kitawi. Nikakaa. Hakunionyesha kwa kidole, na namshukuru kwa hilo, ingawa wakati ule nilimchukia. Halafu nikaona: nyuma ya kitawi, mahali sinema ilipopaficha, ukuta ulijikunja kuwa kishimo, chembamba mbele kama ncha ya penseli iliyochongwa. Kutoka pale mshipa mweusi uliendelea, mfupi kuliko nilivyoogopa, na nukta mbili za chokaa pembeni, si katikati. Mbele yake, mshipa ulikuwa hai tena. Nikauliza huku mbele unaishije kama mlango umefungwa. Daktari wa moyo akajibu kwamba mshipa ukiziba polepole, vijishipa kutoka upande wa pili hupata muda wa kukua na kuvusha damu kidogo. Inatosha mtu akikaa. Haitoshi akipanda mlima. Na vipimo vingine, akasema, vinaonyesha nyama ya moyo upande ule haijafa.

Alitueleza hali yote bila kuipamba. Tunaweza kuendelea na vidonge, na watu wengi huishi navyo. Kufungua hakumwongezei mtu miaka kwa uhakika, kunamwondolea kubanwa na kumrudishia pumzi. Mshipa unaweza kuchanika. Unaweza pia kukataa. Bila picha hii asingejaribu; kwa picha hii yuko tayari, ikiwa Daktari Feza atasimama nayo kando yake kumwelekeza kishimo kilipo. Amisi akasema bila kufikiri: “Mama Aziza njo ataamua. Miye pumuzi yangu yeye njo anaijua.” Mama Aziza ni mimi. Wote wakanitazama. Nilikuwa na neno moja la kusema, ndiyo au hapana, na kama ningesema hapana tungerudi Kindu sisi wawili, tukakaa barazani na vidonge vyetu, na Feza angebaki kwake, mbali.

Nikaomba kwanza kuzungumza na Feza peke yangu. Wanaume walipotoka nilikusudia kuuliza juu ya kuchanika na kukataa. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukiuliza juu ya samaki. Kule gizani, nikasema, kwenye sinia. Wewe ulikuwa unaona. Amisi alikuwa anasogeza upande wa nani?

Feza alinitazama kwa muda, kana kwamba anatafuta mahali picha inapoanzia. “Samaki?” akasema. “Zaina, ndugu yangu, alikuwa anamaliza yeye mwenyewe. Alikuwa anatuachia miiba, anajisahau. Njo maana nilikuwa nacheka.”

Nilicheka mpaka nikalazimika kujifuta macho na ncha ya kitenge. Naye akacheka. Halafu nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema alidhani najua. Akaongeza, akiwa ameangalia skrini, kwamba na yeye alikuwa anamngoja amsogezee, kila siku, na kuona kwake hakukumsaidia kitu. Kicheko changu kikaishia pale. Nilimwita daktari nikamwambia ajaribu.

Walimchukua asubuhi. Feza aliingia naye, mimi nikabaki ukumbini. Watu husema kungoja kunafundisha subira; mimi kulinifundisha tu kwamba mlango una pande mbili na siku zote Feza yupo upande ule mwingine. Niliomba dua kwa ajili ya waya, kwa ajili ya kishimo nilichokiona, kwa ajili ya mkono wa yule kijana. Niliomba na kwa ajili ya macho ya Feza, yasichoke, na niliomba kwa bidii, nikiwa na hasira.

Alitoka yeye kwanza, ushungi umelowa jasho. Akaniambia waya ulipita, ulihangaika kwenye kona ya pili ya mshipa, kisha ukapita, wakaweka kijibomba cha kushikilia mshipa, na damu inashuka. Akaniambia bado kuna siku za uangalizi, kuna vidonge ambavyo asiviache hata siku moja, nimsimamie. Nikasema ndiyo kwa kila jambo. Alitaka kunikumbatia, mimi nikamshika mkono, ndipo na mimi nikamkumbatia, tukachelewana hivyo. Kisha akaenda zake kunawa.

Waliniruhusu kuingia kwa Amisi. Alikuwa amelala chali, midomo imekauka, uso umerudiwa na rangi ambayo nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa na habari yote kinywani, tamu, kamili, na nilikuwa wa kwanza kufika nayo. Nilivuta kiti nikae nimweleze taratibu tangu mwanzo, jinsi waya ulivyohangaika na jinsi ulivyopita.

Alifungua macho. “Feza iko wapi?” akasema. “Nataka yeye aniambie. Yeye njo aliona.”

Nilisimama pale nikiwa nimeshika mgongo wa kiti. Nilimtazama kifua chake kikipanda na kushuka bila kushtuka. Nikamwekea mto vizuri, nikamlowesha midomo kwa pamba, nikatoka kumwita. Sikumtuma muuguzi. Nilikwenda mwenyewe, nikauliza njia mara mbili, na wivu ulinisindikiza hatua kwa hatua hadi kwenye mlango wa Feza, nikagonga.